Ritifaa katika majina yazikwamisha programu za ofisini

KARANI anaandika jina la ukoo la mteja, Ng'wandu, katika kisanduku cha kutafutia, anabonyeza kitufe, na papo hapo programu inatoa ujumbe wa hitilafu kwa Kiingereza au inajifunga yenyewe. Akiandika Mushi au Hamisi, kila kitu kinakwenda sawa. Baada ya kukwama hivyo mara mbili tatu, karani hubuni dawa yake mwenyewe: huiondoa ritifaa na kuandika Ngwandu.

Dawa hiyo huleta madhara makubwa kuliko ugonjwa. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma ni sauti mbili tofauti, na jina lililonyang'anywa ritifaa si jina lile lile. Miaka inapita, mwenye jina anafika dirishani kudai mafao yake. Kitambulisho kinasema hivi na kompyuta inasema vile, naye anatakiwa kwenda kuapa mbele ya wakili kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Gharama ya kiapo hulipwa na yeye, wala si na aliyeandika programu.

Chanzo cha yote ni kidogo mno. Lugha ya SQL, ambayo asili yake ni kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM mwaka 1974, hutumia ritifaa kuonyesha mahali maneno yanapoanzia na yanapoishia. Programu nyingi za kompyuta za mezani, hasa zilizoandikwa kwa Visual Basic au Access, huunda swali la kupeleka kwenye kanzidata kwa kuunganisha vipande: amri, kisha ritifaa, kisha alichoandika karani, kisha ritifaa ya kufunga. Kinachofika kwenye kanzidata huwa hivi:

SELECT * FROM Wateja WHERE Ukoo = 'Ng'wandu'

Kanzidata husoma kwamba jina ni Ng, na limekwisha. Herufi zinazofuata, wandu, haizielewi, na ritifaa ya mwisho huiona kama mwanzo wa maneno yasiyofungwa. SQL Server hujibu kwa hitilafu namba 102 na 105. Mtayarishaji programu anayeziona namba hizo mbili kwa pamoja hana haja ya kukagua nyaya wala kuizima seva na kuiwasha.

Shida ni kwamba mara nyingi hazioni. Katika Visual Basic ya zamani kuna amri ya On Error Resume Next, inayoiagiza programu ilipuuze kosa na kuendelea. Karani akiandikisha mteja mpya, skrini hutulia kana kwamba kazi imekamilika, ilhali hakuna kilichohifadhiwa. Hatua ya kwanza ya kutafuta kosa, basi, ni kuiondoa amri hiyo. Ya pili ni kuitazama amri yenyewe jinsi ilivyopelekwa, ama kwa kuichapisha kwenye skrini kabla haijaondoka, ama kwa chombo cha Profiler cha SQL Server, ambacho huonyesha kila kinachoingia.

Wapo wanaojitetea kwamba programu yao haiungi maneno, kwa kuwa hutumia taratibu zilizotungwa na kutunzwa ndani ya kanzidata, na jina hupitishwa kama kigezo. Utetezi huo ni nusu ya kweli. Kigezo hulibeba jina salama hadi mlangoni. Lakini ikiwa ndani ya utaratibu huo kuna mistari inayounganisha upya kigezo na maneno mengine, kisha kuyatekeleza kwa EXEC, kosa lile lile huzaliwa upya, safari hii mahali ambapo wachache huchungulia. Tiba ni kutumia sp_executesql na kukiacha kigezo kibaki kigezo hadi mwisho.

Wengine huirudufu ritifaa, yaani Ng''wandu, na njia hiyo hufanya kazi pale tu maneno yanapounganishwa. Anayerudufu na wakati huo huo kutumia kigezo huishia na jina lenye ritifaa mbili kwenye kanzidata, na stakabadhi za mteja hutoka na kichekesho hicho.

Jambo hili si la majina peke yake. Ufa unaoliangusha jina la Ng'wandu ndio mlango wa wezi. Anayeandika ' OR '1'='1 katika kisanduku kile kile anaweza kuletewa orodha ya wateja wote. Mbinu hiyo ilielezwa hadharani katika jarida la Phrack mwezi Desemba 1998. Hata hivyo, mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza iliibiwa kwa njia hiyo taarifa za wateja karibu 157,000, na mwaka 2016 ikatozwa faini ya pauni 400,000. Programu ya ofisini isiyounganishwa na intaneti haina kinga ya pekee, hasa inapoingia kwenye kanzidata kwa akaunti ya sa, yenye mamlaka yote.

Hata programu ikishatengenezwa, kuna mtego mwingine. Jina lililonakiliwa kutoka Word huja na ritifaa iliyopinda, ’, ambayo kwa kompyuta ni alama tofauti na ile iliyonyooka, '. Mteja mmoja huandikishwa mara mbili, na kila karani huapa kwamba yeye ndiye aliyeandika sawasawa. Inafaa programu igeuze alama zote kuwa aina moja kabla ya kuhifadhi.

Kumbukumbu za zamani ndizo kazi ngumu. Hakuna amri moja inayoweza kurudisha ritifaa zilizoachwa, kwa maana amri inayoigeuza Ngwandu kuwa Ng'wandu itamgeuza na Ngoma kuwa Ng'oma. Majina hayo hayana budi kulinganishwa na fomu zilizojazwa kwa mkono, moja baada ya jingine.