Sarafu kuukuu za fedha zina bei mbili

SI ajabu kukuta katika boma la Keringet, Kaunti ya Nakuru, mkebe wa sarafu kuukuu ulioachwa na babu aliyekuwa kibarua katika mashamba ya walowezi upande wa Molo, au aliyerejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Warithi wake husikia mambo mawili yasiyopatana. Mnunuzi wa vyuma kuukuu hutoa noti ya mia kwa mkebe mzima, nao uvumi wa mitandaoni hudai kuwa sarafu moja tu yaweza kuleta milioni.

Hesabu huanzia kwenye madini yenyewe. Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa pesa na kwa madini hayo meupe, lakini si kila pesa ina fedha ndani yake. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba na milima nyuma yake, ilianza kutengenezwa 1921 ikiwa na robo moja tu ya fedha, na ikabaki hivyo hadi 1946. Zile za 1948 na kuendelea ni za shaba na nikeli. Hazina fedha hata chembe.

Shilingi hiyo ina uzito wa takriban gramu 7.8, kwa hivyo fedha iliyomo haifiki gramu 2. Wakia inayotumiwa katika soko la madini duniani ni gramu 31.1, maana yake shilingi 16 ndizo hutimiza wakia moja. Iwapo wakia inauzwa kwa dola 48, kila shilingi ina fedha ya dola 3. Bei hiyo haitulii: ilikaribia dola 50 mnamo 1980 na tena 2011, ikaporomoka mara zote mbili, kisha ikapita kiwango hicho Oktoba 2025. Sonara naye hatalipa dola 3 kamili, kwa kuwa kutenganisha robo ya fedha na robo tatu za madini mengine ni kazi yenye gharama.

Mkusanyaji hanunui uzito peke yake. Hutazama mwaka, hali ya sarafu na alama ndogo ya kiwanda: H ni ya Heaton, Birmingham, I ni ya Bombay, SA ni ya Pretoria. Shilingi iliyolika, ya mwaka ambao nyingi zilitolewa, huuzwa karibu na bei ya madini. Ile ambayo nywele za simba bado zahesabika yaweza kuuzwa mara kadhaa zaidi.

Tofauti hiyo iko wazi zaidi katika sarafu ya ndovu yenye jina la Somalia, iliyoanza kutengenezwa Munich, Ujerumani, mnamo 2004. Ina wakia nzima ya fedha safi. Kwa vile picha ya ndovu hubadilishwa mwaka hadi mwaka, toleo la zamani lililoadimika huwa ghali kuliko jipya, ilhali uzito ni ule ule.

Bei anayoiandika muuzaji mtandaoni si ushahidi wa chochote. Kwenye eBay, mtu aweza kuchuja minada iliyokwisha na kuona walicholipa wanunuzi. Humo ndimo hubainika, kwa mfano, kwamba senti kumi yenye tundu na jina la Mfalme Edward VIII, ya 1936, si hazina. Mfalme huyo hakumaliza mwaka kitini, lakini sarafu zake zilitolewa kwa wingi mno, tena si za fedha.

Hasara nyingine hutokea nyumbani, kabla ya mnunuzi kupatikana. Mrithi huisugua sarafu kwa jivu au dawa ya meno ing'ae, naye mkusanyaji akiona mikwaruzo hiyo hurudi kwenye bei ya madini. Weusi wa miaka mingi haukuwa uchafu machoni pake.

Muuzaji mwangalifu hupiga picha za pande zote mbili kwenye mwanga wa jua, huonyesha sarafu ikiwa juu ya mizani, na hutazama salio lake la M-Pesa kabla ya kutuma kifurushi, maana ujumbe wa malipo hughushiwa.

Katika mkebe huo huo mwaweza kuwamo rupia ya fedha ya 1888 yenye jina la Mombasa, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza ya IBEA. Hiyo si mali ya kutiwa bahasha tu. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 huhesabu kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukipeleka nje kwahitaji kibali cha serikali. Mnunuzi wa London aweza kutoa bei inayomshinda wa Nakuru mjini, lakini bila karatasi hiyo rupia haiwezi kuvuka mpaka kihalali.