KANSA YA TITI: UMRI PEKEE USIKATE SHAURI



Katika mikutano ya matawi akina mama huuliza: je, mwenye kansa ya titi ni lazima akatwe titi lote? Na je, kijana na mzee hukatwa sawa? Maswali haya yana maana, kwani wengi huficha uvimbe kwa kuogopa kisu, na wanapofika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea.

Upasuaji ni wa namna mbili. Ya kwanza ni kuondoa titi lote. Ya pili ni kuondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, titi likabaki, kisha mgonjwa akapigwa mionzi. Katika namna zote mbili daktari huangalia pia tezi za kwapani.

Zamani madaktari waliamini kwamba kukata zaidi ndiko kupona zaidi. Mwaka 1976 Daktari Bernard Fisher wa Marekani na wenzake walianza kulipima jambo hili kwa wanawake zaidi ya 1,800 wenye uvimbe usiozidi sentimita 4. Matokeo ya miaka 20, yaliyotolewa mwaka 2002, yalionyesha kuwa waliokatwa titi lote hawakuishi zaidi kuliko waliobaki na titi. Lakini mionzi ilikuwa na kazi yake. Katika kila wanawake 100 waliobaki na titi bila mionzi, kama 39 walirudiwa na kansa katika titi lile. Waliopata mionzi walikuwa kama 14 tu.

Sasa umri unaingia wapi?

Kwa mwanamke kijana, hasa wa chini ya miaka 40, kansa mara nyingi huwa kali, na hurudi katika titi zaidi kuliko kwa mama mtu mzima. Kwa hiyo watu hudhani kijana lazima akatwe lote. Si lazima. Ikiwa uvimbe ni mdogo na mionzi inapatikana, hafupishi maisha yake kwa kubaki na titi. Ila mionzi asiikose. Mwenye mimba aweza kupasuliwa, lakini mionzi husubiri mpaka ajifungue. Na kama mama yake au dada zake waliugua wangali vijana, amweleze daktari, maana kansa nyingine hufuata ukoo, na shauri lake huwa jingine.

Kwa mzee, watu husema, "Amekwisha kula chumvi, titi la nini?" Hayo si maneno ya haki. Mzee naye ana haki ya kuchagua. Huko Marekani walichunguzwa wanawake 636 wa miaka 70 na zaidi, wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, wa aina inayotibika kwa vidonge vya homoni. Wote waliondolewa uvimbe tu, wakapewa vidonge. Nusu yao wakaongezewa mionzi. Baada ya miaka 10, katika kila 100 waliopata mionzi, 98 hawakurudiwa na kansa kwenye titi wala kwapani, wasiopata, 90. Muda wa kuishi ulikuwa sawa. Basi mzee wa namna hiyo aweza kubaki na titi na kuacha mionzi, mradi ameze vidonge vyake.

Lakini kwetu umbali nao hukata shauri. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi, huko Mulago. Iliharibika mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Katika muda huo, kubaki na titi kulikuwa hatari kwa asiyeweza kusafiri nje ya nchi. Hata mashine ikiwapo, mchuma chai aliye mbali akikosa nauli au ruhusa, hukubali kukatwa lote. Hapo si ugonjwa uliochagua, ni umaskini.

Hapa ndipo chama kina kazi. Mahali pengi mionzi huchukua wiki 3 hadi 5. Kamati za matawi zidai ruhusa ya ugonjwa yenye mshahara, nauli ya hospitali, na kazi nyepesi mgonjwa arudipo. Aliyeondolewa tezi za kwapani aweza kuvimba mkono. Asirudishwe siku ya kwanza kubeba kikapu kilichojaa.

Dada, ukiambiwa utapasuliwa, uliza: Uvimbe wangu una ukubwa gani? Ni wa aina gani? Titi laweza kubaki? Mionzi nitaipata wapi na kwa siku ngapi?

Na uvimbe usiouma usiupuuze, uwe na miaka 25 au 75. Nenda ukapimwe. Ukinyimwa ruhusa na msimamizi, mwone katibu wa tawi siku hiyohiyo.