Laptopu yako ku intaneti ya nyumba: namna ya kulipa kidogo



Kutafuta kazi siku hizi kunaomba intaneti kila siku. Tangazo linatoka asubuhi, dosie inatumwa kwa imeli, fomu ya burse inajazwa ku mtandao, na mahojiano yanafanyika kwa kamera. Mwenye kununua mega kidogo-kidogo mara nyingi njo analipa bei kubwa zaidi, na tena njo anakatikiwa siku ya mwisho ya kutuma dosie. Tuone basi namna ya kupunguza gharama.

1. Jua unakula mega ngapi

Kasi inahesabiwa kwa megabiti, lakini forfe inahesabiwa kwa megabaiti. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kama mahojiano ya video yanapitisha megabiti 1 kwa sekunde, saa moja inakula megabaiti 450. CV ya PDF, mara nyingi haifiki hata megabaiti 1. Andika matumizi yako ya wiki mbili mbele ya kuchagua forfe. Mutu wa kutuma dosie tu hana haja ya kulipa sawa na mwenye kufuata masomo ya video.

2. Uko peke yako? Anza na simu

Simu yako ya Android inaweza kuwa modemu. Wengi wanafungua Wi-Fi ya simu, lakini waya wa USB ni bora: simu inajichaji ku laptopu, na hakuna jirani wa kuingia. Ingia mu «Partage de connexion», kisha washa «via USB». Kaa karibu na dirisha kama rezo ni kidogo, juu kuta zinaipunguza.

3. Ziba matundu

Laptopu inakula mega hata wakati wewe unaandika tu. Windows inashusha mise à jour, na OneDrive inapandisha mafaili yako. Fungua «Paramètres», «Réseau et Internet», chagua rezo yako, kisha washa «Connexion limitée». Mise à jour nyingi zitangoja. Lakini usiziache miezi na miezi, maana nyingine zinakulinda na virusi: uzifanye siku uko ku rezo isiyohesabu mega.

4. Muko wengi mu parsele? Changeni

Abonma ya nyumba inakuwa nafuu kama inagawanywa. Fiba haijafika ku kila mtaa, lakini kuna ruta za 4G, na mwaka 2025 ARPTC ilimupa Starlink leseni ya kufanya kazi mu Kongo. Hesabu yenyewe ni hii: chukua bei ya vifaa, gawa kwa miezi 12, ongeza abonma ya mwezi, kisha gawa kwa idadi ya vyumba. Linganisha jibu na pesa unatoa kwa mega kila mwezi. Kama jibu ni kubwa kuliko ile pesa, bakia ku simu.

Uliza pia kasi. Megabiti 20 kwa vyumba 5, wote wakitumia pamoja, kila mumoja anabaki na 4. Inatosha kwa mahojiano ya video. Soma mkataba vilevile: kampuni nyingine hazikubali uuze intaneti yao kwa wengine.

Mbele ya kulipa, patana: nani anakusanya pesa, tarehe gani, na asiyelipa anafanyiwa nini. Filamu zishushwe usiku. Ugomvi mingi ya parsele inatoka hapo, si ku mashine.

5. Waya ao Wi-Fi?

Ruta nyingi zina Wi-Fi mbili. Ile ya 2.4 GHz inafika mbali na inapita ukuta vizuri. Ile ya 5 GHz ni ya mbio lakini inachoka haraka. Chumba cha mbali kichukue 2.4. Kama bado haifiki, waya wa rezo wa Cat5e unaweza kwenda mpaka metre 100. Laptopu ya zamani yenye Wi-Fi imekufa, usiitupe: mutie ule waya, ao ununue ka Wi-Fi kadogo ka USB. Kanagharimu kidogo sana kuliko laptopu mpya.

6. Kura ikikatika

Angalia maandishi ku adapta ya ruta. Kama ni 12V na 1A, haipite wati 12, wakati laptopu nyingi zinaomba 45 ao 65. Ka-UPS kadogo ka volti 12 kanaweza kubeba ile ruta masaa kadhaa. Starlink inaomba nguvu zaidi, kwa hiyo hesabu batri mbele ya kuinunua.

7. Funga mlango

Badilisha paswadi ya Wi-Fi na ile ya kuingia ndani ya ruta yenyewe. Chagua WPA2 ao WPA3. Mugeni apewe rezo ya wageni, kama ruta iko nayo. Na kila mara mutu anahama parsele, paswadi ibadilike siku ileile.

Mwenye kuanza leo, afanye namba 1 na namba 3 tu. Hazigharimu hata franga moja, na mwisho wa mwezi ataona tofauti.