Ukibania kifungo, umepoteza mteja wa shanga

Na Mwandishi Wetu

AKINA mama wanaoshona shanga Longido, Monduli na Ngorongoro wanajua kupanga rangi kuliko wengi waliosomea ubunifu darasani. Katika hilo hawana wa kuwafundisha. Lakini mnunuzi wa jumla anayetaka mikufu mia moja kwa mpigo, akiishika mkononi, jicho lake haliishii kwenye rangi. Huigeuza na kuangalia nyuma. Hufungua kifungo na kukifunga mara tatu au nne, kisha huvuta. Bei hupangwa hapo.

Wajasiriamali wengi wa mapambo hawalipi uzito jambo hili. Mtaji wote huishia kwenye shanga, halafu kinachobaki ndicho hununulia kulabu za hereni, ringi, pini za beji na vifungo vya mikufu. Matokeo yake kazi ya siku mbili au tatu inaning'inia kwenye kipande cha bati ambacho kitanyooka mtalii akiwa bado hajapanda ndege.

Tuchukue mfano wa hesabu, kila mtu aweke bei za kwake. Mkufu unauzwa Sh15,000. Kifungo dhaifu kinanunuliwa Sh100 na kizuri Sh500. Kwa mikufu 100, kifungo kizuri kinakuongezea gharama ya Sh40,000. Sasa mwenye duka akirudisha mikufu 10 tu iliyokatika, umepoteza mauzo ya Sh150,000, na bado hujahesabu nauli wala oda inayofuata ambayo hutaipata.

Kwa familia ya wafugaji hesabu hii si mchezo. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliua mifugo mingi katika wilaya za Kaskazini kama Simanjiro na Longido. Ng'ombe wakipungua boma, fedha ya shanga huacha kuwa ya sabuni na chumvi, inakuwa ya unga na ada za shule. Mzigo ukirudishwa wakati huo, ni chakula kimerudishwa.

Tuanze na plaizi, maana hata kifungo bora hakisaidii kama kimefungwa kwa meno. Na wapo wanaotumia meno.

Anayeanza hahitaji sanduku la vifaa ishirini linalouzwa kwa mbwembwe. Anahitaji plaizi tatu ndogo. Ya kwanza ni ya mdomo wa duara, ambayo midomo yake ni kama misumari miwili iliyochongoka. Hiyo ndiyo ya kuviringa kitanzi cha waya. Ya pili ni ya mdomo mwembamba ulio bapa kwa ndani, ya kushikia na kubana. Ya tatu ni ya kukatia. Baadaye ongeza nyingine ya mdomo bapa, kwa sababu ringi hufunguliwa kwa plaizi mbili, moja kila mkono.

Plaizi ya fundi umeme haifai kazi hii, ingawa ndiyo inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Ile ina meno ndani ya mdomo, na meno hayo huacha alama kwenye waya laini wa brasi au fedha. Alama hizo humkwaruza mteja, na mahali palipokwaruzwa ndipo kutu huanzia. Kama huna nyingine, zungushia mdomo wake plasta au kitambaa, lakini hilo ni la kuvukia tu.

Dukani, usinunue plaizi ikiwa ndani ya pakiti. Omba ifunguliwe. Ifumbe kisha itazame kwenye mwanga. Mdomo ukipitisha mwanga mwingi mahali palipotakiwa kukutana, iache. Itikise pia. Ikicheza kwenye kiungo leo ikiwa mpya, baada ya mwezi itakuwa inateleza kwenye waya. Angalia kama ina springi ya kuifungua yenyewe. Anayefungua plaizi mara mia tano kwa siku kwa nguvu za vidole anajitafutia maumivu ya mkono.

Ile ya kukatia ina adui mmoja, nao ni waya mgumu wa bangili, ule unaorudi wenyewe kwenye mviringo ukiuvuta. Huo ni chuma cha pua kigumu, na ukiukata kwa plaizi ndogo ya mapambo utapata pengo kwenye makali siku hiyohiyo. Tenga plaizi kubwa ya kukatia chuma kwa ajili yake.

Ongeza tupa ndogo nyembamba, vipande vya msasa (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi) na rula yenye milimita. Ncha ya kulabu ya hereni ikikatwa bila kupigwa tupa hukwaruza tundu la sikio, na mteja hatajua ni ncha tu. Atasema hereni zako zina sumu.

Sasa tuje kwenye ringi, zile pete ndogo za kuunganishia. Ringi haifunguliwi kwa kuitanua kama mdomo wa mfuko. Ukiitanua, mviringo unaharibika na haitarudi kukutana vizuri. Shika pande zote mbili za mwanya, sukuma upande mmoja mbele na mwingine nyuma, kama unavyofungua mlango. Kufunga ni hivyohivyo kwa kurudi. Ringi iliyofungwa vizuri huwezi kupitisha ukucha kwenye mwanya wake. Mikufu mingi inayodaiwa kukatika haijakatika popote. Uzi umeteleza na kutoka kwenye ringi iliyoachwa wazi.

Kuhusu vifungo vyenyewe, cha asili cha Wamasai cha kifungo cha shati na kitanzi cha uzi wenye shanga bado ni bora kuliko vingi vinavyotoka nje. Hakina kutu, hakimdhuru mwenye ngozi nyepesi, na kikipotea kinapatikana kwa fundi cherehani yeyote. Udhaifu wake ni kitanzi. Kikishonwa kikubwa, kifungo huchomoka. Kikishonwa kidogo, mteja analazimisha mpaka uzi unakatika. Kipime kwa kifungo chenyewe kabla ya kukaza fundo la mwisho, na pitisha uzi kwenye kitanzi mara mbili.

Vya madukani, kinachoaminika zaidi ni kile chenye umbo la gando la kaa, chenye springi na kidole kidogo cha kuvutia. Kile cha duara chenye springi ndani ni cha bei nafuu, lakini kikiwa kidogo sana kinawashinda wazee na wenye kucha ndefu. Cha kijiti na pete kinapendeza kwenye mkufu mzito, kwa sababu uzito wenyewe hukivuta kikakaa. Kwenye mkufu mwepesi kinafunguka chenyewe. Cha skrubu, mvaaji akigeuzageuza shingo, hulegea. Cha sumaku ni rahisi kukifunga lakini usimuuzie mtu mwenye kifaa cha moyo kifuani, wala usikitumie kwenye vitu vya watoto, maana sumaku mbili zikimezwa hunasana ndani ya utumbo na kuutoboa.

Njia rahisi ya kupima ipo jikoni. Chukua mkufu mmoja katika kila pakiti mpya ya vifungo, uninginize kwenye msumari ukiwa umefungwa, kisha tundika pakiti ya sukari ya nusu kilo mpaka asubuhi. Ukikuta kifungo kimefunguka au ringi imetanuka, rudisha pakiti dukani kabla hujashona mikufu mingine tisini na tisa. Mkufu wa mtoto mdogo ni tofauti. Huo unatakiwa uachie ukivutwa kwa nguvu, usije ukamkaba.

Waya wa kulabu za hereni uwe wa unene wa milimita 0.8 hivi. Ukiwa mwembamba sana hupinda mteja anapovaa, na ukizidi milimita moja wengi hautapita masikioni. Wapo wanaotumia waya wa kufungia nondo kwa kuwa ni rahisi na upo kila mahali. Huo ni chuma tupu. Jasho likiugusa unaota kutu, na kutu haitoki kwenye kola nyeupe. Waya wa shaba uliovuliwa kwenye nyaya za umeme nao huacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Kwa umbo la ndani lililofunikwa na shanga unaweza kuvumilika, kwa sikio haufai.

Hapa kuna jambo linalohusu wanaouza kwa watalii au wanaopeleka mzigo Ulaya. Vifungo na kulabu nyingi za bei ya chini zinazong'aa kama fedha hupakwa nikeli, na nikeli ndiyo inayoongoza kati ya madini kwa kusababisha mzio wa ngozi. Sikio huwasha, huvimba na kutoa maji. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni tangu mwaka 1994, na kwa sasa kitu kinachopita kwenye tundu la sikio hakiruhusiwi kuachia nikeli zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki. Kinachogusa ngozi kwa nje, kama kifungo cha mkufu, kikomo ni mikrogramu 0.5. Risasi nayo, tangu Oktoba 2013, hairuhusiwi kufikia asilimia 0.05 ya uzito wa kipande chochote cha pambo. Kwa hiyo anayelehemu kwa risi ya kawaida ya mafundi redio, yenye risasi ndani yake, anajifungia soko hilo.

Mjasiriamali wa Mto wa Mbu hana maabara, lakini anaweza kumuuliza muuzaji swali moja: kulabu hizi ni za madini gani? Akijibu kuwa ni "silva" tu, hajajibu. Fedha halisi ya mapambo huwa na namba 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha. Chuma cha pua cha daraja la 316L kina nikeli ndani yake lakini huiachia kidogo sana, na wengi hukivaa bila tatizo. Titani ni salama zaidi, ila bei yake imesimama. Sumaku itakuonyesha kipande chenye chuma cha kawaida ndani, lakini haitakuonyesha nikeli iliyopakwa juu ya brasi. Kwa hiyo kitu kikikataa sumaku usishangilie. Ipo dawa ya kupimia inayopakwa kwa pamba, ambayo pamba hugeuka rangi ya waridi ikikutana na nikeli. Chupa moja inaweza kutumiwa na kikundi kizima kwa muda mrefu.

Tuhamie kwenye beji, biashara ambayo wengi wanaiona ya kitoto. Duniani wapo watu wanaokusanya beji kama wengine wanavyokusanya stempu, na desturi ya kuvaa beji kwenye Olimpiki ilianza kwenye michezo ya Athens mwaka 1896. Mkusanyaji habagui kama beji imetoka kiwandani au imeshonwa kwa shanga. Huko Durban, Afrika Kusini, vibeji vya shanga vya Kizulu vinavyotundikwa kwenye pini ya nepi vimekuwa bidhaa ya watalii kwa miaka mingi. Sisi tuna mikutano ya Arusha, wapanda Mlima Kilimanjaro, na Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa AFCON 2027. Tahadhari tu: nembo ya mashindano ina mwenyewe, usiishone bila kibali. Twiga, mlima, ngao na jina la mji havina mwenye hati.

Kwenye beji, nyuma ndiko kwenye kazi. Pini ya nepi, ambayo Mmarekani Walter Hunt aliipatia hataza mwaka 1849, bado ndiyo ya bei nafuu na haipotezi sehemu yoyote kwa kuwa ni kipande kimoja. Kwa beji nyepesi inatosha. Beji yenye upana unaozidi sentimita tatu ikitundikwa kwa msumari mmoja itazunguka na kuinama kichwa chini. Iwekee misumari miwili, au pini ndefu ya kulala. Vile vizuizi vya nyuma vyenye umbo la kipepeo ni vizuri vikiwa vipya, lakini hulegea. Vya mpira hushika zaidi, ila navyo hukauka kwa jua. Anayekusanya huwa tayari kulipia kizuizi cha kujifunga, kwa sababu anabeba beji kumi kwenye kofia moja na hataki kuokota barabarani.

Usibandike pini kwa gundi ile inayokauka kwa sekunde. Inashika haraka, kisha inakuwa ngumu kama kioo na kubanduka ikigongwa. Tumia gundi ya mirija miwili ya kuchanganywa, kwaruza kwanza chuma kwa msasa, na uiache siku nzima. Kwenye ngozi, kushona kunashinda gundi zote.

Kwa mkulima ambaye hashoni kabisa, pembe na mifupa ya ng'ombe inayotupwa machinjioni ndiyo inayotengeneza vifungo vya kijiti na pete, vichwa vya beji na hereni. Wachongaji huitaka ikiwa imechemshwa, imetolewa mafuta na kukaushwa kivulini ili isipasuke. Anayeuza kwa wageni aandike wazi kwamba ni mfupa wa ng'ombe. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989, na mgeni asiye na uhakika huacha pambo mezani kuliko kubishana uwanja wa ndege.

Vifungo vikinunuliwa kimoja kimoja huwa ghali. Wanakikundi wakichanga na kumtuma mmoja Kariakoo, wanapata pakiti kwa bei ya jumla na kila mmoja anapewa idadi yake. Aliyetumwa aende na sampuli ya kifungo mkononi pamoja na sumaku, na alete kwanza pakiti moja ya kupimia kwa sukari. Zikifika, zihifadhiwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na chumvi na moshi wa jikoni, na katika kila beji inayouzwa kitiwe kizuizi kimoja cha akiba.