Je, Wajua? Ndege ya Kitambaa Iliyolemaza Manowari

Je, wajua kwamba Bismarck, manowari ya Ujerumani ya zaidi ya tani 40,000, ililemazwa na ndege iliyovikwa kitambaa? Ndege yenyewe ni Swordfish ya Waingereza: mabawa yamepandana mawili juu na chini, yameshikwa kwa nyaya, na wanajeshi watatu wamekaa wazi, upepo ukiwachapa usoni. Hata ikikimbia kwa nguvu zake zote ilifika takriban kilomita 230 tu kwa saa. Marubani waliibandika jina la mfuko wa kamba wa kwendea sokoni, maana haikukataa mzigo.

Mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa torpedo moja, kombora linalokwenda chini ya maji, zaidi ya kilo 700, ikining'inia tumboni. Kuiangusha hakukuwa mchezo. Rubani alishuka karibu aguse maji, akanyoosha njia bila kuyumba, huku mizinga ya adui ikimlenga. Na kama bandari ina maji haba, torpedo ilizama kichwakichwa ikajichomeka kwenye tope.

Ndiyo maana Waitaliano walijiamini katika bandari yao ya Taranto, ambako maji yalikuwa na kina cha mita kumi na kitu tu. Waingereza wakabuni hila ya waya. Ncha moja waliifunga puani mwa torpedo, waya uliobaki ukaviringishwa kwenye gurudumu dogo chini ya ndege. Torpedo ikianguka, waya unafunguka huku ukiivuta pua isiinamie, nayo inapiga maji kwa tumbo. Mtoto wa pwani akiruka hivyo huchekwa. Hapa ndiyo ulikuwa ufundi. Usiku wa Novemba 11, 1940, ndege 21 zilipaa kutoka meli ya Illustrious. Kulipokucha, manowari kubwa tatu zilikuwa hoi. Ndege ambazo hazikurudi ni mbili.

Bismarck ililemazwa Mei 26, 1941. Kundi la kwanza kutoka meli ya Ark Royal lilishambulia kimakosa Sheffield, meli ya Waingereza wenyewe! Kilichoiokoa ni ubovu wa vilipuzi vya sumaku: torpedo kadhaa zililipuka zilipogusa maji, nyingine zikakwepwa. Jioni ile ndege 15 ziliondoka tena na vilipuzi vya kugonga. Torpedo moja ikapiga nyuma, usukani ukakwama, na jitu lile likabaki linazunguka baharini. Asubuhi lilikuwa chini ya maji. Swordfish hata moja haikutunguliwa katika shambulio hilo.

Illustrious ile ile ya Taranto ilifika hadi kwetu. Mei 1942 Swordfish zake zilishambulia Diego Suarez, Madagaska, zikaizamisha nyambizi ya Kifaransa Bévéziers na, kwa torpedo, meli ya Bougainville. Baadaye ikatumia bandari ya Kilindini, Mombasa, ambako Waingereza walikuwa wamehamishia kundi lao la manowari za mashariki, wakiwakimbia Wajapani.