Mbwa wadogo weupe: faida ya mfugaji imo ndani ya bakuli

Biashara ya kuzalisha na kuuza mbwa wadogo wa kufugwa ndani ya nyumba si ngeni tena katika miji ya Afrika Mashariki. Wanaopendwa zaidi ni wale weupe wenye manyoya marefu, hasa aina ya Maltese, ambaye akikomaa huwa na uzito wa kilo tatu hadi nne tu. Yupo pia Bichon Frise, na jirani yetu Madagaska ana wake anayeitwa Coton de Tulear.

Wengi wanaoingia katika biashara hii hupiga hesabu ya mbegu, chanjo na banda, lakini chakula hukiacha kiwe mabaki ya jikoni. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mtoto wa mbwa akifa wiki moja baada ya kuuzwa, mfugaji hurudisha fedha, hupoteza jina na hupoteza wateja ambao wangeletwa na mteja yule.

Tumbo dogo, mahitaji makubwa

Mnyama mdogo hupoteza joto haraka, hivyo kwa kila kilo ya mwili wake huhitaji nishati nyingi kuliko mnyama mkubwa. Mbwa wa kilo tatu huhitaji takriban kilokalori 230 kwa siku, yaani karibu 77 kwa kila kilo. Mbwa wa ulinzi wa kilo 30 huhitaji kama 1,400, yaani 47 hivi kwa kila kilo.

Tatizo ni kwamba tumbo la huyu mdogo ni dogo mno. Ukilijaza ugali, ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, atashiba kabla hajapata anachohitaji.

Kwa watoto wa umri chini ya miezi minne hatari ni kubwa zaidi. Ini lao halina akiba ya kutosha ya sukari. Wakikaa saa nyingi bila kula, sukari ya damu hushuka, nao huanza kulegea, kuyumba, kutetemeka na hatimaye kupata degedege. Mfugaji anayempakia mtoto wa mbwa kwenye basi kutoka Arusha hadi Dar es Salaam bila kumlisha njiani anaweza kumfikishia mteja mzoga.

Walishwe mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Dalili zikionekana, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Usimmiminie kitu kooni akiwa na degedege kwa sababu kitaingia kwenye mapafu.

Hesabu kwa siku, si kwa kilo

Mfugaji akiona bei ya kilo moja ya chakula kamili cha dukani hushtuka na kurudi kwenye ugali. Hata hivyo, bei ya kilo haikuambii gharama ya kumlisha mnyama. Jiulize kilo hiyo italiwa kwa siku ngapi.

Chakula kikavu cha kawaida huwa na kilokalori kama 350 hadi 400 katika kila gramu 100. Maana yake, Maltese mzima hula kama gramu 65 kwa siku, sawa na kilo mbili kwa mwezi. Mbwa wa ulinzi wa kilo 30 atakula karibu kilo 12. Mtoto mwenye uzito wa kilo moja hutumia gramu 55 hadi 60 kwa siku. Chukua bei ya dukani kwako, zidisha kwa kiasi hicho, halafu linganisha na bei unayomuuzia mtoto huyo. Utaona kwamba chakula bora ni sehemu ndogo ya thamani yake.

Soma pia kilichoandikwa kwenye mfuko. Viwango vinavyotumika Marekani vinataka chakula cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula kikavu, na cha watoto au jike anayenyonyesha asilimia 22.5. Manyoya yenyewe kwa sehemu kubwa ni protini. Mbwa huyu akikosa protini, manyoya hufifia na kukatika, na bei yake hushuka.

Ukitaka kuchanganya mwenyewe

Unga wa mahindi una protini kama asilimia tisa tu, na kalsiamu yake ni kidogo sana. Dagaa wakavu wana protini ya asilimia 50 na zaidi, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, huongeza kalsiamu. Ukichanganya kilo mbili za unga wa mahindi na kilo moja ya dagaa waliosagwa, unapata protini ya asilimia 24 hivi. Chagua dagaa wasio na chumvi na uwaoshe mchanga kwanza.

Hata hivyo, mchanganyiko huu haujakamilika kwa vitamini na madini yote. Unaweza kumsaidia mbwa mzima, ukiongezewa virutubisho kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Watoto wape chakula kamili cha watoto.

Sumukuvu haichagui

Wapo wakulima ambao, baada ya kuchambua mahindi, yale yenye ukungu huyatenga kwa ajili ya mbwa na kuku. Huu ni mtindo wa kuachwa kabisa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka na sumukuvu, na mwenye kilo tatu huhitaji kiasi kidogo tu ili ini lake liharibike.

Katika miaka ya 1950 mbwa wengi nchini Marekani walikufa kwa ugonjwa wa ini ambao chanzo chake hakikujulikana. Baadaye ilibainika kuwa ni sumukuvu. Kwetu sumu hiyo imeua watu: mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara.

Kupika hakuiondoi sumu hii. Dawa yake ni kukausha mahindi vizuri, kuyaweka juu ya chaga na kutupa yaliyooza.

Vya kuepuka

Mchuzi wenye vitunguu haufai. Kwa mbwa wa kilo tatu, kitunguu kimoja cha ukubwa wa kati kinaweza kuharibu damu yake. Chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa pia ni hatari. Mafuta ya nyama choma huweza kuwasha kongosho.

Jambo jingine ni madoa mekundu chini ya macho, yanayoonekana sana kwa sababu ya weupe wa manyoya. Wateja huuziwa poda za kuyaondoa. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu poda za namna hiyo zilizokuwa na dawa ya antibayotiki ambayo haikuidhinishwa kwa kazi hiyo. Mwenye duka asiuze poda asiyojua kilichomo ndani.

Nafasi kwa mwenye duka

Kwa Maltese mmoja mzima, mfuko wa kilo 10 humalizika kwa miezi mitano. Ukiwa wazi muda wote huo, mafuta yaliyomo huchacha na ukungu huingia. Mteja wa mbwa mdogo anahitaji mfuko wa kilo moja au mbili uliofungwa na kiwanda, si chakula cha kupimiwa kutoka kwenye gunia lililo wazi. Agiza mifuko midogo, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na usiipange juani.

Naye mfugaji, kila anapouza mtoto, ampe mnunuzi chakula cha wiki moja cha aina ileile aliyozoea, pamoja na karatasi yenye ratiba ya kulisha. Mabadiliko ya ghafla huleta kuharisha, na mbwa wa kilo moja hamalizi siku nyingi akiharisha. Nusu kilo ya chakula ni gharama ndogo kuliko kurudisha fedha ya mteja.