Mgonjwa wa figo na kikapu cha matunda

Ada ya kumzuru mgonjwa ingali hai mitaani mwetu, na ni nadra mgeni kuingia mikono mitupu. Huletwa madafu, ndizi mbivu, maembe, pakiti ya tende. Kwa wagonjwa wengi zawadi hizo ni kheri tupu. Kwa yule ambaye figo zake zimedhoofika, na hasa anayesafishwa damu kwa mashine, kikapu hicho hicho chaweza kumrejesha hospitalini usiku ule ule.

Sababu ni madini ya potasiamu. Moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila ya madini hayo, na figo zenye afya huitoa ziada yake kwa njia ya mkojo. Figo zikishindwa, ziada hujikusanya katika damu. La kutisha ni kwamba mara nyingi haina dalili. Mgonjwa hujiona mzima hadi mapigo ya moyo yanapovurugika, na moyo waweza hata kusimama.

Hapo ndipo tofaa linapopata cheo chake. Tofaa moja la wastani lina takriban miligramu 200 za potasiamu. Ndizi moja hupita 400, na gilasi ya maji ya dafu yaweza kufika 600. Tende mbili kubwa huzidi 300. Tunalisifu tofaa, basi, kwa kile kilicho kichache ndani yake. Si dawa, wala halifufui figo. Twalisema hili kwa kuwa siki ya tofaa yauzwa kwa madai kwamba huosha figo, madai yasiyo na ushahidi wa kitabibu.

Na liliwe zima, pamoja na ganda lake lililooshwa vyema. Nyuzinyuzi zake husaidia kupata choo, jambo linalowataabisha wengi wa wagonjwa hawa, na huifanya sukari ya tunda iingie mwilini polepole. Kisukari ni miongoni mwa sababu kuu za figo kuharibika, kwa hivyo mara nyingi maradhi haya mawili humkuta mtu mmoja. Sharubati ya tofaa ni jambo jingine: gilasi moja hubeba sukari nyingi, tena humpunguzia mgonjwa kipimo cha maji alichowekewa kwa siku. Vipande vichache vilivyotiwa friji humtuliza kinywa kikavu vizuri zaidi.

Twajua kwamba matofaa mengi ya sokoni hutoka nje ya nchi, na bei yake si ya kila nyumba. Nanasi ni badali njema: kikombe cha vipande vyake kina potasiamu inayokaribia ya tofaa. Lakini birimbi tunalolipenda katika achari tusimpe mgonjwa wa figo. Nchini India madaktari wameandika habari za watu walioharibikiwa na figo baada ya kunywa maji mazito ya birimbi, kwa wingi wa asidi ya oksaliki iliyomo.

Si kila mwenye maradhi ya figo anayepaswa kuacha ndizi. Kipimo cha damu ndicho hakimu, na daktari au mtaalamu wa lishe ndiye wa kukisoma. Mama anayepika nyumbani afuatane na mgonjwa siku hiyo akaulize mwenyewe, maana chungu ki mikononi mwake.

Ama futari ya Ramadhani, hata asiyefunga kwa udhuru hupenda kuketi na wenziwe jua likitua, na tende ndiyo hutangulia. Ikiwa daktari ameridhia, tende moja ndogo ina takriban miligramu 50 tu, na moja nayo ni witiri. Sahani yake iongezwe vipande vya tofaa, na dafu wapewe wengine.